Kitufe cha "Weka meza" na laki sita na nusu za fundi wa tovuti

Mtu wa kwanza kunipigia simu kwa sababu ya tovuti yangu alikuwa wa Masasi, na alitaka kujua meza zangu ni za mbao gani. Nikamwambia, baba, mimi nauza korosho. Akasema korosho ameziona, lakini pembeni ya korosho kuna kitufe kimeandikwa "Weka meza", na yeye shida yake ni meza. Tukacheka wote wawili. Kicheko changu kiliisha mapema kuliko chake, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nimeilipia tovuti ile karibu laki tano.

Ninachotaka kueleza hapa ni huduma ya fundi aliyenitengenezea tovuti ya pili. Jina lake silitaji. Nina ya kumsifu na nina ya kumsema, na Mtwara yenyewe ndogo hii, tunakutana sokoni.

Kwanza mnijue. Tuko wanawake saba, tunabangua na kukaanga korosho hapa mjini, upande wa Chikongola. Korosho zetu zinatoka Newala na Tandahimba (kwa njia halali, asije mtu akanitafutia maneno ya kangomba, ule ununuzi wa korosho wa magendo). Tunazipika kwa mvuke, tunabangua kwa mashine za mkono, tunakausha, tunamenya, tunachambua madaraja, kisha nyingine tunakaanga kwa chumvi na nyingine tunauza nyeupe. Ni kazi ya kubabuka vidole kwa mafuta ya ganda. Jina tumesajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, alama ya ubora ya TBS tumepata kwa kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Kilichokuwa kinatushinda ni wateja wa mbali. Hapa Mtwara kumuuzia mtu korosho ni kama kumuuzia mvuvi maji ya chumvi, kila nyumba ina shangazi mwenye mikorosho.

Tovuti ya kwanza ilitengenezwa na mtoto wa dada yangu, Oktoba 2023, msimu ndiyo unaanza. Alikuwa anasubiri chuo kifunguliwe. "Mama mdogo," akaniambia, "siku hizi fundi wa nini? Unaburuta picha kwa kidole, inakaa yenyewe." Akafungua moja ya zile programu za kujitengenezea, ambayo nayo jina nalihifadhi, akachagua kiolezo (ukurasa uliokwisha kupangwa) cha mgahawa kwa sababu kilikuwa na picha ya karanga kwenye bakuli, na karanga na korosho, akasema, ni ndugu. Kwa saa tatu na sahani moja ya pweza tovuti ikawa hewani.

Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Usiku ule niliifungua mara kumi. Ila kiolezo cha mgahawa kilikuja na mambo ya mgahawa. Tulifuta menyu, tukafuta saa za chakula cha jioni, ila kitufe cha kuweka meza, yaani cha mteja kuhifadhi nafasi ya kula, kikatuponyoka. Chini kabisa ilibaki namba ya simu ya mfano, 123-456-7890. Na kwenye ukurasa wa "Timu yetu" walibaki wazungu wanne wamesimama kwenye ofisi ya vioo wanatabasamu. Mteja mmoja wa Dar aliniuliza kwa adabu kabisa kama hao ndio wabia wangu.

Kuhusu hilo neno "bure" nalo. Bure ilikuwa ile ya mwanzo, yenye tangazo la wenye programu juu ya ukurasa na anwani ndefu ambayo huwezi kumtajia mtu kwenye simu. Nilipotaka tangazo liondoke niweke jina langu mwenyewe, nikaambiwa dola 16 kwa mwezi, na hukatwa za mwaka mzima kwa mkupuo. Dola 192. Hiyo ni Mei 2024, dola moja inagusa shilingi 2,600. Piga hesabu. Na mtakumbuka Mei ile ilivyokuwa huku kusini: kimbunga Hidaya kimepita, barabara ya Dar imekatika Somanga, mizigo imelala, halafu tarehe 12 nyaya za baharini, EASSy na Seacom, nazo zikakatika, intaneti ikawa ya kuombea dua. Hilo la nyaya si kosa la programu, nalisema kwa haki. Lakini hata mtandao uliporudi tovuti yangu haikurudi na kasi. Ukurasa wa mbele peke yake ulikuwa na MB 23, na nyingi zilikuwa za video ya mkorosho unapepea. Mimi niliipenda ile video. Mteja aliyejiunga bando la elfu moja hawezi kuipenda.

Tangu Oktoba hadi Julai nilipata oda mbili kupitia tovuti. Moja ilikuwa ya kaka yangu wa Mbeya, ananitia moyo.

Fundi nilimpata pale ninapochapisha lebo zangu. Alisema laki tisa, tukavutana, tukafika laki sita na nusu, nusu mwanzo na nusu mwisho, pamoja na jina la tovuti lenye .co.tz na malipo ya kuihifadhi tovuti mwaka wa kwanza. Nilitoa hela ile kwa roho ngumu sana. Mume wangu alisema kwa hela hiyo ningenunua mashine ya kufungia pakiti, na alikuwa na hoja.

Siku ya kwanza alikuja bila kompyuta. Nikajua nimeliwa. Akaomba kigoda, akakaa bandani na kina mama wanabangua, akakaa saa mbili anauliza maswali kama mtu wa sensa. Mteja akifika hapa neno lake la kwanza ni nini? Nikasema, "Kilo bei gani." Akasema, "Mbona kwenye tovuti bei haipo, mama?" Neno la pili? "Unanifikishiaje." Hilo nalo halikuwepo. Kulikuwa na nini? Kulikuwa na hadithi ndefu ya dira na dhamira yetu, ambayo mtoto wa dada yangu aliitoa sijui wapi.

Halafu akauliza W320 ni nini. Hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo nilipoanza kuona hela yangu inakwenda wapi.

Sisi wa korosho tunaongea W240, W320, kama watu wa nguo wanavyoongea namba. W ni nyeupe nzima, na ile namba ni idadi ya punje katika ratili moja, karibu nusu kilo. W240 ni punje 220 hadi 240 kwa ratili, W320 ni 300 hadi 320. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, punje ni ndogo. Mimi nimeshika korosho tangu nikiwa binti, sijawahi kufikiri kwamba kuna mtu hajui. Tovuti ya kwanza iliandika W320 juu na W240 chini, basi, bila maelezo. Yule mteja wangu wa pili, asiyekuwa kaka yangu, aliagiza W320 akidhani ndiyo kubwa zaidi, akapokea, akanitumia ujumbe kwamba nimembania. Nilimwona mkorofi. Fundi alipouliza ndipo nikaelewa kwamba yule bwana alikuwa na haki yote, ni mimi niliyemwandikia fumbo.

Alichofanya kijana ni hiki. Aliomba sarafu ya shilingi 200. Akaiweka kwenye ungo juu ya kitambaa cheusi, kulia akapanga punje tano za W240, kushoto punje tano za W320, na mbele yake vipande. Akasubiri jua lishuke kidogo, akapiga picha kwa simu, simu ya kawaida tu. Chini ya picha tukaandika kwa maneno yangu mwenyewe: "Kubwa, ya zawadi na wageni. Ya kati, ya kila siku. Vipande, vya pilau, keki na kusaga." Na bei zake: 28,000, 24,000, 18,000 kwa kilo. Herufi na namba za daraja zikabaki kwa maandishi madogo kwa ajili ya wanaozijua. Tangu picha ile ipande, hakuna aliyenilalamikia ukubwa wa punje. Hata mmoja.

Ile programu ya kuburuta ingeweza kuweka picha hiyo? Ingeweza, bila shaka, picha ni picha. Lakini isingeniuliza. Ina kila kitu tayari: rangi, video, vitufe, wazungu wa kutabasamu, na inakupa vyote ukiitikia. Haikuulizi W320 ni nini kwa sababu haijui kwamba hujasema.

Jambo jingine alilofanya lilinichekesha kisha likanikera. Alimpa simu yake binti anayetufungashia, akafungua tovuti ya zamani, akamwambia, "Agiza nusu kilo. Usimuulize mtu." Binti akabonyeza picha ya korosho. Kimya. Akabonyeza tena. Mara sita nilihesabu, picha haikuwa kitufe, ilikuwa pambo. Akateremka chini, akapanda juu, maandishi meupe yamekaa juu ya korosho nyeupe hayasomeki, mwisho akafika kwenye fomu. Fomu inataka jina, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Ya NIDA ilikuwa akili ya mtoto wa dada yangu, kuzuia matapeli. Binti akaweka simu chini akasema, "Mama, mimi ningekuja tu dukani."

Fundi akaniuliza namba za NIDA za watu naziweka wapi. Nikasema zinakuja kwenye barua pepe. Zinakaa humo? Zinakaa. Nani mwingine ana neno la siri? Nikaanza kuhesabu vidole. Akanieleza kwamba tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwenye kukusanya taarifa za watu ana wajibu nazo, na mimi kwa kuuza nusu kilo ya korosho sina haja ya kujua mtu kazaliwa lini. Tukafuta fomu nzima. Mahali pake pakakaa kitufe cha kijani cha WhatsApp ambacho ukikibonyeza ujumbe unakuja umeshaandikwa: "Habari, nimeona korosho kwenye tovuti, naomba..." Ni kitu kidogo, lakini ndicho kinachonifanya leo niweze kuhesabu nani katoka kwenye tovuti na nani katoka kwa jirani. Pembeni kuna lipa namba, na maelezo ya jina litakalotokea ukilipa, ili mtu asiogope. Na nauli ya mzigo kwa basi: hadi kilo tano kwenda Dar, 5,000.

Mengine niyapitishe haraka, maana mimi si mtu wa mitambo. Tovuti mpya imejengwa kwa WordPress, programu iliyopo tangu 2003, yenyewe ni bure, na siku nikigombana na fundi naweza kuihamishia kwa mwingine na kurasa zake zote. Ile ya kwanza haikuhamishika, tulinakili maneno kwa mkono. Ukurasa wa mbele sasa hauzidi MB moja na nusu. Zamani nikituma kiungo WhatsApp kilitokea kisanduku cha kijivu kimeandikwa "Tovuti yangu 1". Sasa inatokea picha ya ule ungo na jina letu. Na alituweka kwenye ramani ya Google, madereva wa bodaboda hawapotei tena.

Sasa ya kumsema.

Aliahidi wiki mbili, akachukua tisa. Tulianza Agosti 2024, nikataka iwe tayari kabla ya minada ya korosho kuanza, ikaingia hewani mwishoni mwa Oktoba, minada imeshaanza. Kuna siku kumi na moja simu yake haikupatikana kabisa. Aliporudi akasema alikuwa na msiba Liwale. Pole nilimpa, lakini kutuma meseji moja hakuchukui hata muda wa kikombe cha chai.

Maneno yake ya Kiswahili yalikuwa mabovu, nalisema wazi. Rasimu ya kwanza ilisema "Sisi ni suluhisho lako namba moja la korosho." Nikamuuliza, korosho ni tatizo? Akaandika tena: "Pata uzoefu wa ladha." Nilimnyang'anya daftari. Maneno yote yaliyoko kwenye tovuti niliandika mimi na dada mmoja wa bandani aliyewahi kuwa mwalimu wa msingi, usiku mmoja, kwa taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kwa hiyo mkiajiri fundi, msidhani mmenunua na mwandishi.

Kubwa kuliko yote: jina la .co.tz alilisajili kwa jina lake. Nililigundua kwa bahati, aliponionyesha risiti kwenye simu yake. Akasema ni kawaida, wateja wengi hawajali, inarahisisha kulipia mwakani. Nikamwambia, mwanangu, wewe umezaliwa Mtwara hii ya stakabadhi ghalani. Uliona wapi korosho za mtu zikaingia ghalani kwa jina la mwenye lori? Alicheka, akaona haya, akalibadilisha siku ileile. Ukiajiri fundi, omba kuona jina la mmiliki kabla hujamaliza malipo. Mimi nusu ya pili niliishikilia mpaka nikaliona langu.

Na hilo la mashine ya kufungia pakiti. Nimenunua Januari, kwa hela iliyotoka kwenye korosho. Mume wangu amekubali kunyamaza.

Hesabu zenyewe: toka Novemba hadi mwisho wa Machi nimepokea meseji 41 zenye yale maneno ya "nimeona korosho kwenye tovuti". Walionunua ni 17. Duka moja la Arusha sasa linachukua kilo 30 kila mwezi, na yule bwana aliniambia kilichomvuta ni kuona alama ya TBS na bei wazi, hakutaka kuanza kubembelezana na mtu asiyemjua. Sio utajiri. Lakini kwa laki sita na nusu, nikilinganisha na laki tano za dola zilizoniletea mtu wa meza, naona nilikopunjwa ni kule kwenye rahisi.

Sisemi kila mtu akimbilie fundi. Jirani yangu anauza samaki anaotoa Msangamkuu, wateja wake wote wako kwenye simu yake, asubuhi anapiga picha ya changu na kolekole, saa nne vimeisha. Tovuti ya nini? Itamchelewesha tu. Kwaya ya kanisani kwetu walijitengenezea ukurasa wao kwa programu kama ile niliyoikimbia mimi, una picha, ratiba ya mazoezi na namba ya mwenyekiti, miaka miwili haujaguswa na hauna ubaya wowote. Na wewe unayeanza leo, hujui hata kama watu watataka unachouza, buruta picha zako kwa kidole uone upepo. Ila ufute vitufe vya watu. Mtoto wa dada yangu hana kosa, alinifanyia kwa mapenzi, na hadi leo ndiye ananibadilishia bei kwenye tovuti mpya, maana fundi alimfundisha.

Ningempa fundi wangu nyota nne kwa kazi na mbili kwa muda. Mwaka huu nimemwita tena, nataka ukurasa wa Kiingereza kwa ajili ya wageni wanaolala Mikindani, wanaokuja kuangalia Boma la Wajerumani halafu wanaondoka bila hata pakiti moja ya korosho. Safari hii tumeandikiana tarehe, na kila wiki ya kuchelewa inamkata elfu ishirini. Alikuna kichwa, akasaini.

Tovuti ya zamani bado ipo hewani, kwa sababu mwaka nilioulipia unaisha mwezi ujao na hela haitarudi. Juzi Alhamisi imeniletea barua pepe: mtu ameweka meza, Jumamosi saa moja jioni, watu wanne, karibu na dirisha. Nilimpigia nikamweleza. Kumbe anakaa Shangani, si mbali. Alikuja Jumamosi kweli, na mkewe na watoto wawili, nikawawekea benchi la bandani na sahani ya vipande vya moto, wakaondoka na kilo mbili za W240.